Neno geni hubisha hodi: jinsi ya kusoma Kiingereza cha kale bila kupotezwa

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari, mwaka wa kumi na moja sasa. Marehemu babu aliniachia Biblia yake ya King James, aliyoisoma maisha yake yote. Nilidhani nitaisoma kama maji, kumbe sivyo. Zaburi 119:147 inasema "I prevented the dawning of the morning". Mtu anaizuiaje alfajiri? Katika Warumi 1:13 Paulo anasema alikusudia kwenda Roma "but was let hitherto", yaani aliruhusiwa, na bado hakwenda! Babu mwenyewe alikwama mahali: kando ya Kutoka 32:1 ameandika kwa penseli "wot?" na kuacha hivyo hivyo. Maneno haya yana asili gani, na nitajuaje kwamba neno linanidanganya?

JIBU: Mwalimu, Mungu amrehemu babu yako. Ile alama yake ya kuuliza nitaifikia mwishoni, kwa sababu katika yote uliyouliza hilo ndilo lenye utamu zaidi.

Watu wakisikia habari za maneno ya kale ya Kiingereza hufikiria maneno ya ajabu ajabu ambayo hayajasikika miaka mia tatu. Hayo hayana taabu. Neno geni hubisha hodi. Ukikutana na "besom" katika Isaya 14:23 unajua papo hapo kwamba hulijui, unafungua kamusi, unaambiwa ni ufagio, yamekwisha. Hatari iko kwa neno unalolijua. Hilo huingia bila hodi na kuketi, nawe unaendelea kusoma huku umebeba maana ambayo mwandishi hakuiweka. Mawili uliyoyataja umeyagundua kwa sababu sentensi ziligoma. Mengi hayagomi. Sentensi inapita vizuri kabisa, na uliyoelewa siyo.

Tuanze na alfajiri yako. "Prevent" limetoka katika Kilatini, praevenire: prae ni kabla, venire ni kuja. Kuja kabla. Biblia hiyo ilipotoka mwaka 1611, maana hiyo ilikuwa bado hai. Mtunga zaburi hakuizuia alfajiri, aliitangulia. Aliamka kungali giza akaanza kumlilia Mungu. Nenda sasa 1 Wathesalonike 4:15, utakuta Paulo anasema walio hai Bwana atakapokuja "shall not prevent them which are asleep". Biblia yetu ya Union Version, ile ya mwaka 1952, inasema "hatutawatangulia". Mswahili asiyejua hata neno moja la Kiingereza ameuelewa mstari huo sawasawa, na Mwingereza wa leo anaukosea.

Lakini kutangulia kulifikaje kuwa kuzuia? Hapo Kiswahili kinacho kitenzi kinachoifungua siri yote: kuwahi. Nikisema "niliwahi kituoni" nimefika mapema. Nikisema "mwahi kabla hajatoka", sikutaji kuzuia popote, lakini wewe unaelewa kwamba ukifika kwanza, yule hatoki. "Uwahi moto kabla haujashika paa." Kufika kabla na kuzuia vimetenganishwa na hatua moja, nasi tumesimama mguu mmoja huku na mwingine kule. Kiingereza kilivuka hatua hiyo kikaangusha daraja nyuma yake.

"Let" ni kisa kingine, wala usidhani neno moja liligeuka likawa kinyume chake. Yalikuwa mawili. Katika Kiingereza cha kabla ya Wanormani kutoka Ufaransa kuivamia Uingereza, yaani kabla ya 1066, lǣtan lilikuwa kuacha au kuruhusu, na lettan lilikuwa kuchelewesha, kukwamisha. Hilo la pili ni ndugu wa "late". Matamshi yakasogeleana karne baada ya karne hadi yote mawili yakawa "let", na watu wakabaki na sauti moja yenye maana mbili zinazogombana. Lugha haistahimili ugomvi wa namna hiyo kwa muda mrefu, kwa hiyo moja lilishindwa. Mnamo 1600 lilikuwa bado lina nguvu: Hamlet wa Shakespeare, rafiki zake wakimshika asiufuate mzuka wa baba yake, anatishia kumfanya mzuka yeyote "that lets me", yaani atakayemzuia. Paulo naye alizuiliwa, na Union Version inasema hivyo waziwazi: "nikazuiliwa hata sasa".

Hilo let lililoshindwa halikufa kabisa. Limejificha mahali pawili. Katika tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu ukaangukia upande sahihi, mwamuzi huita "let", na mpigo hurudiwa: kulikuwa na kizuizi. Na ukifungua pasipoti ya Uingereza, pamoja na za nchi nyingi zilizorithi maandishi yake, utakuta mwenye pasipoti anaombewa apite "without let or hindrance". Vijana wengi husoma hapo wakadhani ni kosa la chapa. Siyo kosa. Mwenye pasipoti apite pasipo kizuizi wala kipingamizi.

Nikiwa kidato cha pili mimi nilijikwaa kwenye Marko 10:14, "Suffer the little children to come unto me". Nilielewa kwamba watoto wateseke ndipo wamfikie Yesu, na kwa kuwa nilikuwa mtoto, jambo hilo lilinisumbua usiku kadhaa. Kumbe "suffer" ni kubeba ukiwa chini ya mzigo. Kutoka hapo limezaa kuvumilia, na kutoka kuvumilia limezaa kuruhusu. Mtu anayekuvumilia mlangoni amekuruhusu uingie. "Waacheni watoto wadogo waje kwangu." Natamani mtu angeniambia siku ile.

Sasa nikupe kundi linalopita kimya kimya zaidi. Soma Mwanzo 42, ndugu zake Yusufu wakishuka Misri kununua "corn". Mwanafunzi wa Kiafrika anaona magunia ya mahindi. Mahindi hayakuwako Misri. Asili yake ni bara la Amerika, na hayakuvuka bahari kuja upande wetu kabla ya safari za Columbus zilizoanza 1492. "Corn" lilikuwa punje ya nafaka yoyote, na kila nchi ililitumia kwa nafaka iliyoshika shamba lake: Uingereza ngano, Uskoti nafaka ile tunayoiita oti. Waingereza waliohamia Amerika waliyaita mahindi "Indian corn", kisha neno la mbele likadondoka. Hata jina letu la mahindi linaelekeza Uhindi ambako hayakutoka, na Waingereza wa zamani waliyaita ngano ya Uturuki. Zao geni hupewa jina la yule mgeni aliyedhaniwa kulileta. Union Version inasema "nafaka", nayo imepatia.

"Meat" nalo lilikuwa chakula chochote. Mwanzo 1:29 Mungu anawapa wanadamu mimea na matunda "for meat", na watu wamewahi kubishana kwa hasira juu ya mstari huo pasipo sababu. Kiswahili chake ni "chakula chenu". Masalia yake yako katika "sweetmeat", ambayo ni peremende na halua, haina nyama ndani. Kisha kuna "deer". Leo ni yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe zenye matawi. Zamani, dēor, alikuwa mnyama yeyote wa porini, na katika King Lear, mchezo wa Shakespeare, bado tunasikia "mice and rats, and such small deer": panya wakubwa kwa wadogo na vinyama vingine kama hao. Kwa vile huyo wa pembe ndiye aliyewindwa kuliko wengine, jina la wote likamwishia yeye. Wazee wa pwani bado wanasema "nyama wa mwitu" kwa maana ya wanyama wa porini, na wengi wetu tumebakiza nyama ya kitoweo. Neno lilikuwa pana, mdomo ukalipunguza hadi kile kilichokuwa kinatafutwa zaidi. Wao na sisi, njia moja.

Yako mengine ya aina hii ambayo nitayapitia mbio. "Quick" ni hai. "The quick and the dead" si wepesi na wafu, ni walio hai na waliokufa. "Starve" lilikuwa kufa, kwa lolote, si kwa njaa tu. "Conversation" katika 1 Petro 3:1 ni mwenendo: waume wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, wala si kwa maongezi. "Husbandman" katika Yohana 15:1 ni mkulima, kwa kuwa "husband" lilikuja na watu wa Skandinavia likiwa húsbóndi, mwenye makazi, mtu aliye na nyumba na shamba lake. Mume alikuja baadaye. Na "earing" katika Mwanzo 45:6 halihusiani kabisa na masikio. Ni kulima kwa plau, kutoka kitenzi erian ambacho ni jamaa wa arare cha Kilatini. Hilo la mwisho nimewahi kuona mtu mzima, msomi, akilifafanulia mkutano mzima kuwa ni wakati wa kusikiliza.

Nikae kidogo kwenye "thou", kwa sababu naona mashuleni linafundishwa kinyume. Wanafunzi huambiwa thou ni ya heshima, ndiyo maana Mungu huitwa hivyo. Ukweli ni huu: "thou" ni wewe, mtu mmoja, "ye" ni ninyi. "Thee" na "you" ni maumbo yao wanapotendewa. Basi. Baadaye, kuanzia karne ya 13, kwa kuiga Kifaransa, ikawa adabu kumwambia mkubwa mmoja "you" kana kwamba ni wengi. Thou ikabaki ya watoto, watumishi, wapenzi, na Mungu ambaye mtu humwendea kama mzazi wake. Ikabaki pia ya matusi. Mwaka 1603, Sir Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini, mwanasheria wa mfalme, Edward Coke, alimrukia kwa maneno "I thou thee, thou traitor". Neno thou limegeuzwa kitenzi: nakuita wewe-wewe tu, msaliti. Hapo hapana heshima.

Waquaker, ambao kanisa lao lilifika Kaimosi magharibi ya Kenya mwaka 1902, walipata taabu nyingi Uingereza katika karne ya 17 kwa sababu walikataa kumwambia mkubwa yeyote "you". Walisema binadamu mmoja ni mmoja. Wakapigwa, wakafungwa. Karne hiyo hiyo thou ikawa inazimika katika usemi wa kawaida, na you ikameza vyote. Ndiyo maana Mwingereza wa leo hana namna fupi ya kutofautisha wewe na ninyi.

Watafsiri wa King James hawakuitumia thou kwa ajili ya heshima. Kiebrania na Kigiriki vinatofautisha mmoja na wengi, nao wakafuata. Mungu ni thou, Shetani ni thou, mtumwa ni thou. Faida yake uione katika Luka 22:31-32: "Satan hath desired to have you... but I have prayed for thee". Kwa Kiingereza cha leo zote mbili ni you, na jambo kubwa limepotea. Soma yetu: "Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta vile vile kama vile ngano, lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike". Shetani anawataka wote, Yesu anamwombea Petro. Kiswahili kimelishika lote. Halafu angalia "isitindike". Vijana wetu nao wanakwama hapo. Kutindika ni kupungua hadi kwisha, na ni neno la kale kwetu kama yale unayoyauliza yalivyo kwao. Mpe mwanafunzi wako mstari huo kwa lugha zote mbili siku moja. Ataona kwamba kila lugha ina babu zake.

Na ukitaka kuwafundisha vile viambishi vya mwisho, usihangaike na kanuni ndefu. "-est" huenda na thou, kama u- katika "unajua": thou knowest. "-eth" huenda na yeye, kama a- katika "anajua": he knoweth. Kwa hiyo anayesema "I goeth" kwa kudhani anaiga wazee amesema "mimi anakwenda".

Sasa fungu ninalolipenda kuliko mengine: maneno yaliyoanza kama cheo au mahali pa kuishi yakaishia kuwa tabia. "Villain", jambazi wa hadithi, alikuwa villanus, mtu anayefanya kazi kwenye shamba la bwana. Kosa lake lilikuwa kuishi shamba. Sasa sikiliza neno "mshamba". Nani kwetu anayelitumia akimaanisha tu mwenye shamba? "Boor", mtu asiye na adabu, ni mkulima vilevile, ndugu wa neno la Kiholanzi boer. "Churl" alikuwa mtu huru wa kawaida, asiye mtukufu. Upande wa pili, "gentle" ni mtu wa ukoo mzuri, kutoka gens la Kilatini, ukoo. Likashuka hadi kuwa mpole. Pima na "mwungwana": aliyezaliwa huru, mtu wa mji, asiye mtumwa, leo ukimwambia mtu "wewe mwungwana" unasifu tabia, hujauliza habari za wazazi wake. Wenye mji ndio walioshika kalamu, Uingereza na hapa kwetu, na kamusi zinaonyesha. Jambo hili linaniuma kila ninapolifundisha. Wakulima hawakupewa nafasi ya kuandika neno la kuwaeleza watu wa mjini.

"Knave" alikuwa mvulana tu, cnafa. Kisha mtumishi mvulana, kisha mlaghai. Katika onyesho la kwanza kabisa la mchezo wa Julius Caesar, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri na kuuchapisha mara ya kwanza 1963, ofisa mmoja anamkemea fundi viatu: "thou naughty knave". Leo "naughty" ni mtoto mtundu, basi mwanafunzi anasikia kama ofisa anatania. Hatanii. Naughty ni naught, si kitu. Kwa Kiswahili tunasema "mtu bure". Ndiyo maana Yeremia 24:2 inataja kikapu cha tini "very naughty": tini hazikuwa tundu, zilikuwa mbovu, hazifai kitu.

"Nice" na "silly" walipishana njiani. Nice alitoka nescius, asiyejua, mjinga. Akapita katika kuchagua-chagua, kisha kuwa makini na vitu vidogo, hadi karne ya 18 akawa wa kupendeza. Silly alianza juu, sǣlig, mwenye heri, mbarikiwa. Akawa asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, kisha mpumbavu. Kwa hiyo ukisoma katika ushairi wa kale "silly sheep", huyo si kondoo mjinga. Ni kondoo maskini wa Mungu.

Umeuliza asili kwa jumla. Kiingereza kina tabaka, kama kisima kilichochimbwa mara nyingi. Chini kabisa kuna lugha ya Waanglo-Saksoni waliotoka Ulaya bara. Humo ndimo lilimo neno "lord", hlāfweard, mlinzi wa mkate, na "lady", hlǣfdīge, mkandaji wa mkate. Sijui kama kuna ukoo wa watukufu Uingereza unaojua kwamba cheo chake kinanukia unga. Juu yake ni maneno ya Waskandinavia waliovamia na kuhamia kuanzia karne ya 9: "window" ni vindauga, jicho la upepo. Kisha 1066 Wanormani na Kifaransa chao. Kisha katika karne ya 16 wasomi wakaanza kumimina Kilatini na Kigiriki kwa ndoo.

Hapo palizuka ugomvi ambao Mswahili ataufahamu mara moja. Wengine walisema maneno hayo ya kuazima yananuka pembe ya wino, ile pembe ya ng'ombe ambamo mwandishi aliweka wino wake. Sir John Cheke, aliyekuwa mwalimu wa Kigiriki pale Cambridge, aliandika mwaka 1557 kwamba Kiingereza kiandikwe safi, kisichochanganywa na mikopo. Alijaribu mwenyewe: katika tafsiri yake ya Mathayo, akida wa askari mia alimwita "hundreder", aliyesulubiwa akawa "crossed", na ufufuo akauita "gainrising". Yanaeleweka yote, na yamekufa yote. Kwa nini? Si kwa ubaya wake. Watu walikwisha kushika mengine. Ninapowasikia wenzetu wakibishana juu ya tarakilishi na kompyuta, namkumbuka Cheke. Kenya bado wanafundisha tarakilishi darasani, lakini mtoto akitoka nje ya darasa anasema kompyuta. Wale wa pembe ya wino walishinda kiasi kwamba mwaka 1604 mwalimu wa shule, Robert Cawdrey, alichapisha orodha ya maneno magumu yapatayo 2,500 ili watu wayaelewe. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza.

Yako maneno ya zamani ambayo nayaombolezea. Kiingereza kilikuwa na "overmorrow", kesho kutwa, na lipo katika Biblia ya Coverdale ya 1535. Leo inawabidi waseme maneno manne kueleza siku hiyo. Sisi tuna kesho kutwa, tuna mtondo, tuna mtondogoo. Lakini niulize wanafunzi wako wangapi wanajua mtondogoo ni siku gani. Uwaambie ni siku ya nne ukianza kuhesabu kesho, kabla nalo halijaenda lilikokwenda overmorrow.

Nikuonye juu ya kitu kimoja kabla sijafika kwa babu. Asili tamu mno iogope. Utaambiwa "posh", yaani ya kifahari, ni herufi za mwanzo za maneno yaliyogongwa kwenye tiketi za matajiri waliosafiri kwa meli kati ya Uingereza na India, ili wapate vyumba vya upande wa kivuli wakienda na wakirudi. Hadithi nzuri, lakini tiketi ya namna hiyo haijapata kuonekana. Utaambiwa "golf" ni herufi za mwanzo za maneno ya kuwakataza wanawake. Neno hilo limo katika sheria ya Uskoti ya 1457, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiunda maneno kwa herufi za mwanzo. Desturi hiyo ni ya karne ya 20. Kwa hiyo ukisikia neno la kale lina asili ya kifupisho, ukatae kwanza, uchunguze baadaye. Na yale mabango ya "Ye Olde" kwenye maduka ya watalii, hiyo "ye" si ninyi. Ni "the". Zamani sauti za th na dh ziliandikwa kwa herufi moja iitwayo thoni, þ. Wachapaji walioagiza herufi zao za risasi kutoka Ulaya bara hawakuwa nayo, wakaweka y kwa kuwa iliifanana katika mwandiko wa wakati ule. Mpaka leo Kiingereza huandika th kwa sauti mbili, ilhali sisi tunatenganisha thamani na dhamana bila shida.

Utajuaje neno linakudanganya? Mimi hufanya hivi. Nikisoma maandishi ya kabla ya mwaka 1800, neno lolote la kawaida linalosimama ovyo kidogo katika sentensi, hata kama maana inapita, nalitilia shaka. Kwa Biblia nafungua Union Version kando. Mara nyingi Kiswahili hutaja waziwazi kile ambacho Kiingereza kimekifunika. Kisha naenda kwenye kamusi inayotaja tarehe. Iliyo kuu ni ile ya Oxford. Jumuiya ya wanafilolojia (wachunguzi wa lugha) ya London iliianzisha kwa wito wa mwaka 1857, James Murray akaishika 1879 akifanya kazi katika kibanda cha mabati, watu wa kujitolea wakimpelekea vikaratasi vyenye sentensi walizokuta vitabuni. Mmoja wa waliotuma vingi zaidi, daktari William Minor, alikuwa amefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor kwa kuua mtu. Murray alifariki 1915. Kamusi ikakamilika 1928 ikiwa na maneno zaidi ya 400,000. Uzuri wake ni huu: kila maana ina sentensi zake, zimepangwa kwa miaka. Unatafuta mwaka wa kitabu chako, unaona neno lilisimama wapi mwaka huo. Usiiulize kamusi neno lina maana gani. Iulize lilikuwa na maana gani lini.

Na sasa babu. Kutoka 32:1, watu wamechoka kumngoja Musa chini ya mlima, wanamwambia Haruni, "we wot not what is become of him". "Wot" ni najua, tunajua. Hatujui yaliyompata. Ni neno la tabaka la chini kabisa, wāt, na jamaa zake bado wanatembea: "wit", akili, "unwitting", asiyejua alitendalo, wissen cha Kijerumani.

Lakini wāt ina siri moja zaidi. Mzizi wake haukuwa kujua. Ulikuwa kuona, ule ule uliozaa video cha Kilatini. Na umbo lake si la wakati uliopo. Ni umbo la kale la tendo lililokwisha timia, ambalo matokeo yake yapo sasa. Waingereza huhitaji kurasa kadhaa kulieleza umbo hilo. Wewe unalo mdomoni: ni -me-. Tukisema "amelala" hatusemi habari za jana, tunasema yuko usingizini sasa hivi. "Ameketi", yupo kitini. Ndivyo wāt ilivyokuwa: nimeona, kwa hiyo ninajua. Chukua penseli, Mwalimu, uandike pale kando, chini ya mwandiko wake: hatujaona yaliyompata.